Umri wa Kidonda

Koplo Pantaleo hakuwa na gari. Hakuwa na kamera, wala unga wa kuchukulia alama za vidole, wala mbwa wa kunusa. Baiskeli ya kituo ilikuwa haina mnyororo tangu mafuriko ya Machi. Hakuwa na mkubwa wa karibu wa kumwuliza jambo, maana Inspekta alikaa Mahenge, ng'ambo ya mto na juu ya milima, na barua ilimfikia kesho yake kama kivuko kilikuwa kizima. Hakuwa na mstari wa tatu kwenye mkono wa shati, na hilo lilimuuma kuliko mengine yote. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na vijana aliowafundisha kupiga saluti walikwisha kuwa masajini huko Morogoro.

Alichokuwa nacho ni mwandiko. Aliupata kwa jasho, jioni baada ya jioni, akinakili kurasa za kitabu cha sala mbele ya katekista mpaka vidole vikafa ganzi. Hapakuwa na karani Ifakara nzima aliyeweza kuandika herufi zilizolala kwa mteremko mmoja kama zake. Na Jumanne ile, mwezi wa Juni mwaka 1956, mwandiko huo ulikuwa umezaa matunda. Barua ya Inspekta ilifika asubuhi. Ilimsifu kwa maelezo ya mshtakiwa Severini, "yaliyoandikwa kwa unadhifu na ukamilifu," ikasema jina lake limependekezwa kwa usajini. Mwishoni iliomba jambo moja dogo: saini ya mtu wa hospitali kuthibitisha umri wa jeraha, ipelekwe kwa motakaa ya posta siku hiyo hiyo saa kumi, kwa kuwa Alhamisi Severini, aliye mahabusu Mahenge, atasomewa maelezo yake mbele ya hakimu. Akiyakubali, kazi itakayobaki ni ya kamba ya kunyongea.

Kesi yenyewe ilikuwa wazi. Dionisi, mkulima wa mpunga na mvuvi, alifikishwa hospitali ya misheni Jumamosi asubuhi, siku kumi kabla ya barua hiyo, amebebwa juu ya kitanda cha kamba, paja la kushoto limepasuka karibu shibiri nzima. Jumapili akafa. Siku moja kabla ya kubebwa, Ijumaa alasiri, shemeji yake Severini, mume wa dada yake, alionekana akienda kwenye kibanda cha shambani alikolala Dionisi. Alikuwa na panga mkononi, akipiga kelele kwamba mtu aliyechukua mtumbwi wake mpya bila ruhusa leo atamkata. Jirani yao, mzee Hermenegildi, alimwona akiingia. Kelele zikakatika. Kisha akamwona akitoka kinyumenyume, mikono mitupu, amefunika uso kwa viganja. Panga lilikutwa ndani, limelala kwenye damu.

Siku tatu Severini hakujibu swali lolote kuhusu kilichotokea mle kibandani. Siku ya nne alisema, "Andika upendavyo, Koplo." Koplo akaandika kurasa mbili. Severini akatia dole gumba bila kutazama.

Kwa hiyo Koplo alikwenda hospitali kwa miguu, akipiga mluzi.

Alimkuta Teofili, msaidizi wa maabara, ameinama juu ya darubini. Alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, mwenye madoa ya rangi ya zambarau kwenye vidole. Hawakuwa wameonana tangu siku ile ya Jumapili, Teofili alipojaribu kusema neno kuhusu maiti mbele ya wauguzi na Koplo akamkata: "Wewe, Bwana Minyoo, tazama minyoo. Kutazama watu niachie mimi." Wauguzi walicheka sana.

"Habari za kazi, Bwana Minyoo."

"Nzuri, Koplo. Nimewatazama asubuhi hii, hawajambo, wanakusalimu."

"Nataka saini yako hapa chini. Andika tu kwamba jeraha la Dionisi lilikuwa bichi, la siku moja."

Teofili aliisoma karatasi yote, akairudisha. "Siwezi."

"Wino umekwisha?"

"Wino upo. Jeraha halikuwa la siku moja."

Koplo alivuta kiti. "Daktari alisema hivyo?"

"Daktari alikuwa safarini. Sista aliniletea usaha Jumamosi asubuhi nitazame vijidudu. Nikatazama, na vile vioo ninavyo mpaka leo. Tena nilikwenda mwenyewe kukitazama kidonda wakati kinaoshwa." Akafungua kisanduku cha mbao, akatoa kipande cha kioo chembamba na kukiweka chini ya darubini. "Koplo, umewahi kulinda mpunga?"

"Nani wa bonde hili hajawahi?"

"Nguruwe wakivunja uzio, nani hufika kwanza?"

"Wenye miguu. Vijana, na fimbo."

"Na wazee?"

"Wanakuja baadaye na majembe. Wanafukia mashimo, wanasimamisha uzio."

"Basi mwili ni hivyo hivyo. Mtu akijeruhiwa sana, saa chache tu chembe nyeupe za damu zinakimbilia pale. Za kwanza ni za mbio, zenye kiini kilichogawanyika vipande. Zinapigana na kufa kwa maelfu. Ule usaha tunaoukamua ni maiti zao. Baada ya siku mbili hivi zinaanza kuonekana kwa wingi zile kubwa, za taratibu. Zinameza wafu na takataka. Nyuma yao ndipo inaota nyama mpya. Sasa tazama."

Koplo aliweka jicho. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha vikatokea vitone vya zambarau, vingi kama mchele uliomwagika, na katikati yao mengine makubwa, mapana, yenye matumbo yaliyojaa uchafu.

"Hao wanene," alisema.

"Hao wazee wa majembe. Wamejaa kioo kizima. Ijumaa alasiri mpaka Jumamosi asubuhi ni saa ngapi? Kumi na sita? Wasingekuwa wamefika hivyo."

"Panga lilikuwa chafu. Uchafu umewaita upesi."

"Uchafu huongeza usaha. Hauharakishi nyama kuota. Chini ya kile kidonda palikuwa na nyama mpya, punje punje nyekundu kama mayai ya samaki. Hiyo hutaka siku tatu, nne, tano. Sikuapii siku kamili. Ninakuapia kwamba haikuwa moja."

"Alikuwa na homa kali. Huenda homa imebadilisha mambo."

"Homa ni ya vita ile ile. Nilihesabu damu yake pia, chembe nyeupe zilikuwa karibu mara nne ya kawaida. Hesabu hiyo peke yake haisemi umri, maana hupanda upesi, ndiyo sababu sikuitegemea." Teofili alipunguza sauti. "Na mtoki, Koplo. Alikuwa na mtoki kinenani, upande ule ule. Hukuuona?"

Koplo alitoa daftari mfukoni, akafunua ukurasa wa Jumapili. Mwandiko wake mzuri ulikuwa pale: *Kinenani kushoto uvimbe mgumu, kiasi cha yai la kuku. Huenda ni pigo la pili.*

Mtu wa mjini angeweza kusamehewa. Yeye alizaliwa upande wa Mahenge, akakulia kwenye matope ya mpunga, na kila mwaka mguu wake ulipochomwa na bua la matete, siku mbili tatu baadaye alichechemea kwa mtoki. Mama yake aliukanda kwa maji ya moto. Bonde zima, mpaka watoto, lilijua kwamba mtoki huja nyuma ya kidonda. Aliugusa kwa kidole chake mwenyewe ule uvimbe wa Dionisi, akaandika pigo la pili.

"Nani amemuua basi?" aliuliza.

"Vijidudu waliingia na hawakuzuiwa mapema. Mwili ulijitetea siku zote hizo bila msaada. Vita ikipita kiasi, wanaolinda nao hukanyaga mpunga. Joto linapanda, mishipa inalegea, moyo unakimbia bila kufika. Sindano za penisilini zipo hapa kabatini. Angeletwa siku ya pili, nadhani angekuwa kijiweni sasa hivi anatusengenya."

Koplo alisimama. Alipofika mlangoni, Teofili alisema, "Karatasi yako umeisahau."

"Ipasue."

Kituoni alifungua sanduku la bati la vidhibiti. Fundo la vitambaa lilikuwa pale, limefungwa kamba, na kibandiko alichokiandika mwenyewe: *Vipande vya kaniki vilivyotolewa kwenye jeraha, tabaka nne.* Alikuwa amevihesabu bila kuvifikiria. Alitandaza gazeti mezani, akavitenganisha kimoja kimoja kwa ncha ya kisu. La juu lilikuwa na damu nyepesi na maji ya manjano. La pili lilikuwa limekauka nusu. La tatu liligandamana na la nne, na la nne lilikuwa jeusi, gumu kama ngozi ya ngoma, linanuka. Kila tabaka lilikuwa na fundo lake. Mtu alifunga, hakufungua, akafunga tena juu yake, mara nne. Hakuna anayefanya hivyo usiku mmoja.

Alifunua tena daftari, akasoma jambo moja ambalo Severini alilisema siku ya kwanza kabla hajanyamaza: *Nilikuwa Mngeta kwa baba mdogo, tunavuna. Nimefika Alhamisi jioni.* Watu watatu walithibitisha. Basi kidonda kilipofunguka, Severini alikuwa mwendo wa siku nzima kutoka pale.

Kwa dakika chache Koplo aliwaza mtu mwingine mwenye panga, adui mwingine. Hata alianza kuandika majina. Kisha aliitazama kaniki ile, akafuta majina. Swali lililobaki lilikuwa dogo, naye hakuwahi kumwuliza mtu yeyote: nani alifunga?

Kwenye taarifa yake kulikuwa na mstari mmoja: *Mama wa marehemu hakuhojiwa kwa sababu ya msiba.*

Domitila, mama wa Dionisi na wa Balbina mke wa Severini, alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, miguu ameinyoosha, anapepeta mpunga pole pole kama mtu asiyetaka umalizike. Nywele alikuwa amenyoa. Kaniki aliyojifunga ilikuwa mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Maji yapo mtungini."

Koplo alikunywa, akavua kofia, akaketi chini, ingawa Balbina alikwisha kumletea kigoda. Balbina hakumsalimu. Alisimama kando na ungo.

"Mumeo hajambo?" Koplo alimwuliza.

"Nimetoka kumpelekea chakula Mahenge. Ananitazama tu. Wewe umemlisha nini, Koplo, hata amesahau kusema?"

"Balbina," mama yake alisema. "Nenda ukateke maji."

Balbina alikwenda bila ndoo.

"Mama," Koplo alianza, "pole tena kwa msiba. Nimekuja kuuliza jambo nililopaswa kuuliza wiki iliyopita. Kidonda cha Dionisi nani alikifunga?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

Alihesabu kwa vidole, bila kuinua kichwa. "Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Na Ijumaa."

"Jumatatu alikatwa na nani?"

"Hakukatwa. Kiboko." Alilisema kama mtu anayesema mvua. "Aliuchukua mtumbwi wa Severini, akaone mitego. Nilimwambia, wa shemeji yako huo, mwenyewe bado hajaukalia. Akasema atarudisha kabla hajafika. Kiboko akaukata katikati, na jino likampitia pajani. Alitambaa mpaka kibandani. Nusu ya mtumbwi ipo kwenye matete, nimeifunika majani."

"Ukakaa naye siku tano."

"Nilikaa naye."

"Hospitali ni mwendo wa saa moja, mama."

"Ningempitisha wapi? Ni mavuno, njia imejaa watu, na wote wametoka vitandani mwao na wenzi wao. Wewe ni mwana wa huku, unajua. Mtu aliyetoka kulala na mwenzake akikitazama kidonda kibichi, kinaharibika. Mimi ni mjane miaka tisa. Nikasema, macho yangu peke yangu, mpaka kikauke. Sikufungua hata upepo usikione. Waliouliza niliwaambia amekwenda kuvua." Ungo ulisimama mikononi mwake. "Kila siku alikuwa wa moto zaidi. Nikadhani kuna mtu amechungulia."

Koplo alijua desturi hiyo. Mama yake mwenyewe alimficha nyuma ya nyumba kwa desturi hiyo. Hakusema neno juu ya penisilini.

"Ijumaa Severini aliingia."

"Aliingia."

"Alifanya nini?"

Kuku wawili walisogea wakadonoa mpunga kwenye ungo, naye hakuwafukuza.

"Hakufanya. Aliona."

"Aliona kidonda."

"Aliniona mimi." Alivuta kaniki yake mpya mpaka shingoni. "Nguo nilikuwa nayo moja tu kule shambani. Ndiyo niliyokuwa nachana. Siku ile nilichana kipande cha mwisho, sikubaki na kitu cha kujifunga. Mkwe wangu akaingia na panga lake, anafoka, akanikuta kama nilivyozaliwa, nimempakata mwanangu. Panga likamponyoka, likaanguka pale nilipomwaga maji ya kidonda. Akajifunika macho, akarudi nyuma nyuma mpaka nje. Hakutamka hata neno. Kesho yake nilijifunga gunia, nikamwita Hermenegildi, tukambeba mtoto, kwa sababu mwiko ulikuwa umekwisha kuvunjika."

*Alitoka kinyumenyume, amefunika uso.* Koplo aliikumbuka sentensi aliyoiongeza mwenyewe chini yake, ambayo Inspekta aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu: *Dalili ya mtu mwenye hatia.*

"Mama, unajua Severini ameshikwa kwa kosa gani?"

"Kwa ugomvi wa mtumbwi. Balbina alisema polisi hawapendi kelele."

"Ameshikwa kwa kumuua Dionisi. Keshokutwa atasomewa. Ameweka dole gumba."

Domitila alimtazama kwa mara ya kwanza. "Amesema amemuua?"

"Hakusema. Niliandika mimi. Yeye alikubali."

"Kwa nini akubali?"

Koplo aliigeuza kofia mikononi, ndani nje. "Kwa sababu niliuliza alichoona mle ndani. Niliuliza siku tatu. Nilimwambia haondoki kwenye kile kiti mpaka aseme alichoona."

Mama yule alifunika mdomo kwa ncha ya kaniki. Kisha alisema, "Mwambie mkubwa wako kuhusu kiboko. Mwambie nilimficha mtoto mpaka akafa, hilo ni langu, nitalibeba mbele ya yeyote. Lile la nguo usiandike."

"Wataniuliza kwa nini alinyamaza."

"Wewe ndiye unayejua kuandika."

Kabla ya kurudi alishuka mpaka kwenye matete, akafunua majani. Nusu ya mtumbwi ilikuwa pale, mbao bado nyeupe kwa upya wake. Kwenye ubavu palikuwa na tundu mbili za kuingia ngumi, na mkato mrefu ulionyooka kama uliopigwa kwa panga. Alipima kwa kamba, akafunga fundo mahali ulipoishia. Kituoni aliweka kamba ile juu ya mchoro wa jeraha alioupima siku ya Jumapili. Vilitofautiana kwa upana wa kidole.

Saa nane na nusu aliketi kuandika. Alianza: *Kwa heshima naarifu kwamba yametokea makosa katika upelelezi.* Alisoma, akachana. Karatasi ya pili aliandika: *Imegundulika kuwa maelezo ya mshtakiwa hayakuwa kamili.* Akachana hiyo pia, kwa kuwa ilikuwa imepangika vizuri na ndani yake hapakuwa na mtu aliyefanya kitu.

Ya tatu aliiandika haraka, bila kuinua mkono:

*Bwana Inspekta. Severini hakumuua Dionisi. Kidonda kilikuwa cha siku tano, mshtakiwa akiwa Mngeta. Ni kiboko. Msaidizi wa maabara Teofili anavyo vioo vya ushahidi. Alijaribu kunieleza Jumapili ile ile na mimi nikamcheka mbele ya watu. Uvimbe wa mtoki niliuona nikauandika kuwa pigo. Vitambaa tabaka nne nilivihesabu nisivielewe. Nusu ya mtumbwi nimeiona na kuipima. Maneno yaliyo kwenye maelezo ya mshtakiwa si yake. Ni yangu yote, tangu la kwanza mpaka la mwisho. Nilimweka kwenye kiti siku tatu, akanipa dole ili nimwache. Naomba hakimu asiyasome. Mshtakiwa alinyamaza kwa heshima ya mkwe wake. Sababu ninaijua. Sitaiandika. Nikiamriwa nitamwambia hakimu peke yake, mlango umefungwa. Mama wa marehemu asishtakiwe kwa kumficha mwanawe, alifanya kama mama yangu alivyonifanyia mimi.*

Alitia jina na namba. Kisha alifungua droo, akatoa barua ya sifa, akaisoma mara moja tu, akaikunja pamoja na ile aliyoiandika na kuzitia kwenye bahasha. Ndani ya bahasha hiyo hiyo alitia kamba yenye fundo.

Motakaa ya posta ilikuwa inapiga honi pale Kibaoni. Koplo aliwasha mshumaa, akayeyusha lakiri, likadondoka jekundu kwenye mkunjo wa bahasha. Aligandamiza muhuri wa kituo, akahesabu mpaka kumi, akauinua.

Dereva, Sebastiani, alikuwa mtani wake wa miaka mingi. Alipokea bahasha dirishani, akaigeuza kusoma anwani.

"Koplo, hii umeandika wewe?"

"Mimi."

"Herufi zinakimbizana kama mbuzi waliofunguliwa. Nimezoea kupeleka mwandiko wa kuchapwa. Au ndiyo usajini umeanza kukupanda kichwani?"

"Inasomeka?"

Sebastiani aliisogeza mbali na macho, akaikaribisha tena. "Inasomeka."

"Basi usiitie kwenye gunia. Iweke kifuani, umpe Inspekta mkononi mwake. Leo kivuko kizima?"

"Kizima. Mpaka saa kumi na mbili."

Sebastiani alifungua vifungo viwili vya shati, akaitumbukiza bahasha ndani, akavifunga. Motakaa ikaondoka kuelekea mtoni. Koplo alisimama barabarani mpaka vumbi likatua kwenye mistari yake miwili, na hakuipangusa.